Sijui

Miaka thelathini na mmoja niliendesha basi la shule
katika barabara za changarawe, kusini mwa Saskatchewan,
na sikio langu linajua injini
kama mama ajuavyo kikohozi cha kitindamimba wake.
Nikamwambia Lorne, fundi wa kwanza:
"Kuna mluzi. Unaanza tukifika kilomita sabini kwa saa,
kulia, chini, hasa tukipanda."
Lorne akamjibu Orest.
Orest mume wangu, mpiga kinanda wa kanisa,
ambaye ukimwambia jeki atakuletea jagi.

"Rejeta," alisema Lorne. Tukabadilisha rejeta.
Dola elfu moja mia mbili, na kahawa ya bure
yenye ladha ya bomba.
Mluzi ulitupokea hata hatujamaliza kijiji.

Juni, pampu ya maji.
Julai, mkanda, kisha kitu kinachokaza mkanda,
ambacho hadi leo sijaonyeshwa.
Gereji ya pili walitupa tarehe, tarehe ikazaa tarehe.
"Spea iko njiani."
Njia gani hiyo, jamani?
Za jimbo hili nazijua zote, mashimo yake nimeyapa majina.
Tulilala uani kwao siku kumi na tisa
ndani ya nyumba yetu ya magurudumu,
kati ya trekta lisilo na uso na boti iliyosahauliwa.
Orest alipanda nyanya kwenye ndoo ya oili.
Nyanya zikaiva.

Na bahari tuliyoahidiana tangu mwaka wa harusi,
ile ya mashariki, kule Nova Scotia,
ilibaki kwenye ramani iliyokunjwa mara nne,
ikipauka kwenye mikunjo.

Pelletier, wa tatu, alikuwa na kompyuta.
Aliichomeka kama daktari, akakunja uso kama daktari,
akaandika bili kama daktari.
Usiku ule, tumeegesha kando ya shamba la ngano,
nilifungua boneti kwa tochi
nikakuta spana yake, namba kumi na tatu,
imejilaza juu ya injini kama paka aliyeshiba.
Sikumrudishia.
Ahadi ni deni; basi hii ikawa rehani.

Septemba ikaja na sakitu.
Bata bukini walipita juu yetu wakielekea kusini,
hawana gasketi, hawana miadi.

Agatha Froese tulielekezwa na mwuza mayai.
Gereji yake ni ghala la zamani la nafaka,
ovaroli yake imeshonwa magotini kwa uzi mwekundu,
mkono wa kushoto una vidole vinne.
Hakumtazama Orest.
"Nieleze," aliniambia mimi.
Nikaeleza. Nikaupiga ule mluzi kwa midomo.
Akafumba macho, akaniomba nirudie.
Halafu tukaingia barabarani, mimi usukani,
yeye kifudifudi sakafuni, sikio kwenye zulia
pale tunapovulia viatu.
Saa mbili nzima.
Akainuka, akajipangusa magoti.
"Sijui," alisema.

Sijui!
Silabi tatu, wala halina risiti.
Nilitaka kulia, au kumkumbatia, sikumbuki lipi lilianza.
Miezi minne nimewalipa wajuzi,
na kila aliyejua aliniacha na mluzi wangu.
Akasema gari halitakufa, hilo angeweza kuapa;
zaidi ya hapo angekuwa anabahatisha kwa hela zangu.
Akakataa malipo. Nikamwachia nyanya zote
na ile spana.
Akaipima kiganjani, akacheka:
"Kumi na tatu. Yangu hupotea kila mwaka."

Sasa tumevuka Manitoba.
Mluzi bado upo, kulia, chini.
Orest amegundua kuwa ni fa, imeshuka kidogo tu,
naye huiimbia sauti ya pili huku akimenya mayai.
Tukichoka na muziki, narudi kilomita sitini na nane.
Malori yanatupigia honi.
Yapite.